Vidole Viwili vya Akiba

Katika miaka hamsini na miwili ya kushona sijawahi kumkatia mtu nguo kwa kipimo chake cha leo. Nikipima urefu wa sketi naongeza vidole viwili. Nikipima mkono wa shati naongeza kimoja na nusu. Kisha nakunja, nashona kwa ndani, na mwenye nguo haoni kitu. Mtoto anakua, mtu mzima ananenepa, na kitambaa chenyewe kikifuliwa hurudi nyuma. Siku ya kufumua ikifika, ile akiba inakuwa bado ipo, mpya kabisa.

Nimewatega watoto wengi kitendawili hiki: nguo yangu ina nguo ndani yake, na aliyevaa hajui. Wengi hujibu mfuko. Jibu ni upindo. Mjukuu wangu alikipata akiwa na miaka sita, maana alikuwa amevaa jibu lenyewe.

Huyo mjukuu nilimlea mimi, mama yake akiwa kazini mbali. Sketi yake ya shule aliivaa kutoka darasa la tatu mpaka la sita. Kila mwaka nilifumua kunjo moja, na pale kunjo lilipokuwa pakabaki mstari wa rangi iliyokoza. Ikafika mistari mitatu. Wenzake wakamwita Reli. Nilidhani atarudi analia. Alirudi, akapindua sketi juu ya goti, akaniuliza, "Bibi, ndani imebaki mingapi?"

Leo watu wanamwita Injinia. Mimi humwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akisema binti huyu akikua atamwoa yeye, mimi aniache na cherehani yangu.

Mke mwenzangu alikuwa anatengeneza ndege. Si ile ya kubeba watu mia mbili wakapewa na juisi. Ndege ndogo ya jeti, ya watu wanne, ya mtu kuitumia kama anavyotumia gari lake, na injini yake ni moja tu. Kuna siku alinipeleka nikaione injini hiyo imelala mezani, nikamtega papo hapo: anameza upepo hashibi, anatema moto haungui. Akacheka, akasema kwa miaka mitano chuoni hakuna mwalimu aliyemweleza injini ya jeti kwa kifupi hivyo.

Injini ile iliwekwa mgongoni mwa ndege, karibu na mkia, kama mtoto aliyebebwa. Na kila aliyeingia karakana, awe fundi, mgeni au muuza maziwa, aliuliza swali lilelile.

"Sasa hii moja ikizimika?"

Injinia hakuchoka kujibu. Alichukua karatasi, akaikunja kama ndege za watoto, akairusha. Ikaenda, ikaenda, ikatua.

"Inateleza hivyo," alisema. "Haianguki kama jiwe. Rubani anabaki na mambo mawili ya kujua: atafika umbali gani, na atagusa chini kwa kasi gani. Yote mawili yanaanza na uzito. Nikijua uzito wa ndege yangu, najua nimwambie nini rubani. Nisipoujua, nimemdanganya."

Kwa hiyo pale mlangoni mwa karakana palikuwa na mzani, na juu yake ubao mweusi. Hakuna kitu kilichoingia kwenye ndege bila kupita hapo. Skrubu zilipimwa. Waya zilipimwa. Gundi ilipimwa mbichi, ikapimwa tena ilipokauka. Namba ikaandikwa ubaoni kwa chaki, kila mtu aione. Fundi mkuu, ambaye wote wanamwita Spana kwa ule urefu wake na kichwa kilichopanuka juu, kuna siku alirudishwa mlangoni kwa ajili ya kipande cha waya cha gramu saba. Alikipima huku ananung'unika kwamba mate yake mwenyewe ni mazito kuliko waya ule.

"Basi usiteme ndani ya ndege," Injinia akamwambia.

Mimi niliingia pale kwa njia ya viti. Viti walivyoletewa na wenye kiwanda cha viti vilikuwa vizito, vimejaa vyuma. Injinia akaunda fremu zake nyepesi, akanifuata nyumbani kunitaka nishone vifuniko vya viti vinne, bitana ya kuta, zulia na pazia moja dogo la nyuma. Nikamwambia mimi ni mwanamke wa darasa la saba, nimeshona sare na magauni, ndege sijashona. Akasema, "Bibi, ndege nayo ni mtu. Ina mgongo, ina tumbo, ina mabega. Wewe shona."

Spana aliponiona nashushwa na cherehani yangu alifuta mikono, akaniamkia vizuri, akanibebea mpaka pembeni. Kisha akamgeukia bosi wake.

"Injinia, baada ya bibi anafuata nani? Shangazi atakuja kutuonjea mafuta ya injini?"

"Mshono wa bibi yangu haujawahi kuachia," akajibiwa. "Wewe mwezi huu bolti zako ngapi zimeachia?"

Wakacheka wote, na Spana zaidi ya wote. Lakini mimi nilielewa. Yule mtoto alikuwa ameweka jina lake juu ya sindano yangu.

Nilishona wiki sita. Alinipa michoro kwenye makaratasi makubwa, kila kipande na vipimo vyake, mpaka nusu ya nusu ya kidole. Nilitandika karatasi juu ya kitambaa, nikazungushia chaki, nikakata. Na nilipokata, niliongeza vidole viwili. Sikufikiria. Naapa sikufikiria. Mkono wenyewe uliongeza, kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani gizani. Kisha nikakunja kwa ndani na kushona, na vifuniko vikakaa kwenye viti kama ngozi. Rubani alikuja kuvijaribu. Alikuwa mama mmoja mtulivu aliyestaafu kwenye ndege kubwa. Akakaa, akajisogeza, akasema, "Hapa naweza kusinzia." Injinia akamwambia asithubutu.

Siku niliyomaliza, nilibeba vifuniko vyangu mikononi kuelekea mlangoni. Nilijua sheria. Nilikuwa hata nimeinama kuviweka juu ya mzani. Mjukuu wangu akanishika mkono.

"Acha, bibi. Kazi yako haipimwi."

Akavichukua yeye, akaenda ubaoni, akaandika namba aliyoitoa kwenye michoro yake: ukubwa wa kitambaa mara uzito wa kitambaa. Nilimwona Spana akitazama ubao, kisha akitazama viatu vyake. Mimi nilifurahi. Niliona ndiyo heshima, kwamba katika nyumba ile ambamo hata gundi haiaminiki, mimi naaminika. Nilitembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Jumatatu iliyofuata wakaipima ndege nzima. Nami nilialikwa. Milango ilifungwa yote, kwa sababu upepo kidogo tu unalinyanyua bawa na mzani unapotea. Matangi yalikuwa matupu. Kila gurudumu lilipandishwa juu ya mzani wake: moja mbele, mawili nyuma. Injinia akasoma namba tatu, akazijumlisha. Kisha akajumlisha ubao wote, tangu skrubu ya kwanza.

Ubao ulisema kilo elfu moja na sitini na nne. Mizani ilisema kilo elfu moja na sitini na saba na gramu mia mbili.

Wakaishusha, wakaipandisha upya. Namba ileile. Wakabadilisha mizani, wa kushoto ukaenda kulia. Ileile.

"Kilo tatu," nikasema, nikitaka kuwachangamsha. "Si mfuko wa unga tu huo?"

Mjukuu wangu hakucheka. "Bibi, kilo tatu hazinitishi. Ningejua ziko wapi ningeziandika, nikaenda kulala. Zinanitisha kwa sababu sizijui."

Wa kwanza kuulizwa alikuwa fundi wa rangi, mzee mfupi ambaye miwani yake ina madoadoa meupe hata siku ya kupumzika.

"Mikono miwili tu ya rangi, Injinia. Kama ulivyosema."

"Una hakika?"

"Miaka thelathini napaka rangi. Leo naulizwa kama nina hakika!"

"Rangi ndiyo kitu pekee hapa kinachokaa kila mahali," Spana akasema. "Mkono wako ukipenda, unapenda."

"Na wako ukikaza bolti, unavunja. Tumeongea?"

Injinia akawatenganisha kwa kiganja. Alikuwa anatazama karatasi. Alisema kwamba kwa jinsi magurudumu yalivyogawana uzito, kilichozidi hakiko puani wala mkiani. Kiko katikati, usawa wa mabawa. Nilimsikia vizuri. Viti vyangu viko usawa wa mabawa. Lakini sikuwaza.

"Na viti?" Spana akauliza, kwa sauti ya chini.

"Viti viko sawa. Nimeviandika mwenyewe."

Spana akanyamaza.

Ikabaki hofu moja. Bawa la ndege ile halikuwa la bati. Lilikuwa vitambaa vya nyuzi vilivyolowekwa gundi vikakauka, na katikati yake sponji ngumu. Miezi mitano nyuma, kipindi cha mvua, paa la karakana lilivuja siku mbili usiku juu ya bawa la kulia kabla halijapakwa rangi. Walilikausha, wakaamini limekauka. Kama maji yalipenya mpaka kwenye sponji, bawa lile lilikuwa linaoza ndani kimyakimya, na injini moja au kumi isingemsaidia rubani. Injinia alitoa sarafu, akaanza kuligonga bawa polepole, sikio karibu: tok, tok, tok. Mahali fulani karibu na bega la bawa sauti ikawa kama nzito kidogo. Au ilikuwa nzito kwa sababu sote tuliitaka iseme kitu.

"Tutalikata hapa," akasema, "tundu la ukubwa wa sahani, tuone ndani. Jumatano asubuhi."

Hakuna aliyepinga. Kila mtu alijua maana yake. Bawa likikatwa litazibwa, litakaushwa, kisha litajaribiwa nguvu upya kwa mifuko ya mchanga. Mkaguzi aliyekuwa aje Ijumaa kutoa kibali cha kuruka angerudi mwakani, kama angerudi. Miaka sita ya kazi ingerudi kukaa bandani. Nilimwona mke mwenzangu akiliwekea bawa kiganja, kama unavyomgusa mgonjwa shavu.

Jumanne alasiri nilikuwa nyumbani. Binti wa jirani aliniletea gauni lake linalompanda magotini. Nikafumua upindo, nikashika lile kunjo mkononi, zito zito kidogo, lenye vumbi la mwaka mzima. Ndipo mkono ukanikumbusha.

Nililiweka gauni chini. Nikavuta mfuko wa mabaki ya kitambaa cha ndege. Nikakata ukanda wa upana wa vidole viwili, urefu wa dhiraa moja, kutoka kiwikoni mpaka ncha ya kidole. Nikakata kumi kama huo, nikazikunja, nikavuka barabara kwa muuza duka.

"Nipimie hizi, baba."

"Bibi, siku hizi unauza mikanda?"

"Pima, uchokozi baadaye."

Gramu mia moja kasoro kidogo. Yaani dhiraa moja, gramu kumi.

Nikarudi, nikamwaga kopo la vifungo mezani. Kila dhiraa ya upindo, kifungo kimoja. Mgongo wa kiti cha kwanza: kifungo, kifungo, kifungo. Ubavu wake. Kalio. Mfuko wa nyuma. Kiti cha pili vilevile. Bitana ya kuta. Kopo likaisha nikaanza kutumia maharage. Nilipomaliza palikuwa na mia mbili na arobaini na tano, na hapo zulia sijalihesabu, na zulia ni zito mara tatu ya kitambaa. Darasa la saba linatosha kwa hesabu hiyo.

Nikakaa. Nilikuwa na ufunguo wa mlango mdogo wa karakana tangu siku za kushona. Nitasema ukweli, nilifikiria kwenda peke yangu, kufumua yote, kukata, kurudishia, nikatoka na mfuko wangu. Nani angejua? Lakini mzani ungeshuka, na mtoto yule angebaki na swali la pili: zimeondokaje? Anayeogopa maji yaliyoingia ataogopa zaidi maji yaliyotoka bila kuonekana.

Na nikisema? Kwangu mimi aibu ni kitu kidogo, nimeshaharibu hata gauni la bibi harusi na nikaishi. Lakini wangejua wote kwamba sheria ya mzani, iliyomrudisha Spana kwa gramu saba, iliniruka mimi kwa kilo tatu kwa sababu mimi ni bibi yake Injinia. Neno lake lingebaki na uzito gani mbele ya mafundi wake? Nilimpigia simu. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapanga kuwahi asubuhi nimkute peke yake, nimnong'oneze.

Nilifika jua halijapanda vizuri, nikawakuta wote. Bawa la kulia lilikuwa limechorwa duara kwa penseli. Spana alikuwa ameshika msumeno mdogo wa umeme, amevaa miwani ya kazi. Mjukuu wangu alikuwa na barakoa ya vumbi na macho mekundu.

"Mke mwenzangu, njoo pembeni kidogo."

"Bibi, sasa hivi sitaweza."

"Ni sasa hivi, baadaye hapana."

"Bibi, tafadhali. Tukimaliza."

Spana akabonyeza, msumeno ukalia. Basi nikasema pale pale, kwa sauti ile ya kuita watoto waliovuka barabara.

"Zima hiyo! Kilo zenu ziko kwenye viti. Nimezishonea ndani mimi."

Msumeno ukazimika. Nikaeleza, mbele ya watu tisa: vidole viwili, kila kipande, kila upande. Vifungo, maharage, mzani wa muuza duka. Mjukuu wangu alishusha barakoa, akanitazama. Nilijiandaa kwa hasira yake. Haikuja. Kilichokuja kiliniuma zaidi.

"Bibi," akasema taratibu, "unasema hivyo ili nisilikate bawa?"

"Nini?"

"Unajua kukata maana yake nini kwangu. Nakujua. Ungesema umekula injini kama ingenisaidia. Siwezi kumweka rubani kwenye bawa lenye maji kwa sababu bibi yangu ananipenda."

Nimeishi miaka mingi, sijawahi kuambiwa neno zito kama hilo na mtu asiyekuwa na ubaya nami. Maana alikuwa na haki. Mtu aliyezoea kukuwekea akiba kila mahali, utamjuaje siku anayokupa kipimo kamili? Nikatazama mzani pale mlangoni, yule mjumbe asiye na haya, anayemwambia hata mfalme unene wake.

"Basi usiniamini," nikamwambia. "Nipime."

Aliyesogea wa kwanza ni Spana. Aliweka msumeno chini, akaingia ndani ya ndege, akatoka na kifuniko cha kiti cha kwanza mabegani kama mtu aliyeokoa mtoto kisimani. Wengine wakafuata. Tukakaa sakafuni, kila mmoja na wembe, tukafumua. Wale wanaume wa bolti walikuwa na vidole kama ndizi, lakini walifumua kwa adabu, hakuna aliyechana kitambaa. Nilikuwa napita na mkasi wangu, nikakata akiba yote, ukanda baada ya ukanda, na kila ukanda ulioangukia kwenye beseni ulinikata nami. Sijawahi kuacha nguo bila kesho.

"Bibi," Spana akasema bila kuinua uso, "huu mshono kweli hauachii. Nimekwisha kuvunja wembe wa pili."

"Endelea, baba. Bosi wako alikuambia."

Ilipofika adhuhuri beseni lilijaa. Injinia mwenyewe alilibeba hadi mzanini. Alipima beseni, akamwaga, akapima beseni tupu, kama anavyowafanyia wengine wote. Kisha akasoma kwa sauti.

"Kilo mbili na gramu mia tisa."

Watu wakavuta pumzi, wengine wakaanza kupiga makofi. Yeye akainua kidole. Ilikuwa bado gramu mia tatu. Akageuka kulitazama bawa, lile duara la penseli. Na wote tukageuka naye.

Fundi wa rangi akakohoa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati lenye rangi zaidi kuliko miwani.

"Hizo..." akasema. "Pale tumboni, chini ya mabawa. Niliona pamepauka. Nikapitisha mkono mmoja zaidi. Mwepesi."

"Miaka thelathini!" Spana akapiga kelele. "Leo anaulizwa kama ana hakika!"

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilimfikia muuza duka. Hata mjukuu wangu alicheka, kisha akakaa chini juu ya beseni tupu, akalia kidogo, akamaliza, akasimama. Alikwenda kwenye ndoo ya mwisho ya rangi, akapima iliyobaki, akalinganisha na ubao. Gramu mia tatu na kumi. Akaiandika. Hapo ndipo alipolifuta lile duara la bawa kwa kidole gumba, taratibu, kutoka nje kuingia ndani.

Kisha akasimama mbele ya ubao, mgongo wake umenyooka.

"Sikilizeni. Bibi alishona anavyoshona siku zote. Kosa ni langu. Niliandika namba ambayo mzani haukuisema. Niliogopa kumpima bibi yangu mbele yenu, nikaona ni kumvunjia heshima. Spana aliona, akaninyamazia kwa adabu. Siku nyingine usininyamazie."

"Siku nyingine nitapiga filimbi," Spana akasema.

"Na wewe, fundi wa rangi, tangu juzi nilitaka kukuomba radhi. Sasa nimeghairi nusu."

Nilishona upya siku mbili, kingo zimekatwa wazi na kufungwa kwa uzi tu, bila kunjo hata moja. Kila kifuniko kilipoisha nilikibeba mwenyewe mpaka mzanini, na hakuna aliyenishika mkono. Mkaguzi alikuja Ijumaa. Injinia alimweleza kisa chote, mwanzo mpaka mwisho, hakuficha hata maharage. Yule bwana hakutabasamu. Akasema atarudi Jumatatu na mizani yake mwenyewe. Akarudi, akapima, akakaa na karatasi zake mpaka chai ikapoa, akatia sahihi.

Ndege iliruka siku tatu baadaye, dakika kumi na nane. Sina mengi ya kusema juu ya dakika hizo, maana nyingi nilifumba macho. Nilisikia mlio mwembamba ukipanda, ukapungua, ukaja tena. Mjukuu wangu alikuwa amenishika kiwiko na anahesabu kwa sauti ya chini. Magurudumu yalipogusa ardhi alisema kasi kabla rubani hajaisema kwenye redio, na rubani akaisema ileile.

Kwa miezi minne waliirusha bila abiria. Waliizima injini makusudi huko juu, ikateleza kama karatasi na kushuka salama, na siku hiyo sikuambiwa mpaka jioni. Kisha mke mwenzangu akaja nyumbani kuniambia kiti cha nyuma kushoto kinanisubiri.

Nilivaa gauni la bluu. Nilipofika mlangoni nikamkuta amesimama kando ya mzani, chaki mkononi, na mafundi wote nyuma yake.

"Panda, bibi."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya watu wote hawa. Na mkoba."

"Mkoba una miwani na leso tu."

"Basi miwani na leso."

Nikapanda. Kwa miaka mingi nimewaambia watu mimi ni kilo sabini. Mjumbe asiye na haya akatafakari, akatulia.

"Themanini na moja na nusu," mjukuu wangu akasoma kwa sauti, kila mtu asikie. Spana akaiandika ubaoni kwa tarakimu kubwa, chini ya skrubu, waya, gundi na rangi. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Nikiwa bado juu ya mzani, mjukuu wangu akainama, akashika ukingo wa gauni langu kwa vidole, kama alivyoshika sketi yake zamani.

"Bibi, ndani imebaki mingapi?"

"Vidole viwili," nikamwambia. "Na vyenyewe umeshavipima."

Akanishika mkono, tukaenda kwenye ndege.